Aliyesubiri Bei Ishuke

Novemba 2020 Microsoft iliingiza sokoni Xbox Series S, konsoli yake ndogo, yaani mashine ya kuchezea gemu za video, kwa dola 299. Oktoba 2025 mashine hiyohiyo, yenye chipu ileile na hifadhi ileile ya gigabaiti 512, ilikuwa ikiuzwa Marekani kwa dola 399. Series X, kaka yake mkubwa, ilikuwa imetoka dola 499 hadi 649. Nchini Japani, PlayStation 5 ya Sony yenye kisomea diski ilianza kwa takriban yeni 55,000. Ilipofika Septemba 2024 bei yake ilikuwa inakaribia yeni 80,000. Na Nintendo Switch, ambayo bei yake Marekani haikuguswa tangu Machi 2017, ilipandishwa kutoka dola 299 hadi 339 mwezi Agosti 2025, miezi miwili tu baada ya Switch 2 kuanza kuuzwa.

Hiyo ya mwisho itazame vizuri. Kifaa cha miaka 8, kilichokwisha kupata mrithi, kinapanda bei. Kwa miongo kadhaa biashara ya konsoli ilikwenda kinyume kabisa na hivyo, na watu walijipanga kufuatana na mazoea hayo: mwenye uwezo na haraka ananunua mwanzoni kwa bei ya juu, mwenye mfuko mwembamba anavuta subira mpaka bei ishuke. Huyu wa pili ndiye anayenihusu hapa. Amezoeleka kuhesabiwa kama mteja wa makombo, ilhali ukizikagua hesabu za biashara hii utaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiifanya ilipe.

Konsoli huuzwa kwa daftari mbili. Daftari la kwanza ni la mashine yenyewe: chipu, memori, feni, kisomea diski, plastiki, meli ya kuisafirisha. La pili ni la kila kitu kitakachochezwa juu yake. Kampuni inayomiliki mashine hulipwa mrabaha kwa kila gemu inayouzwa na wengine, na katika maduka ya mtandaoni mgawo wake uliozoeleka ni asilimia 30. Gemu ya dola 60 humwachia mwenye mashine dola 18 bila yeye kuandika hata mstari mmoja wa programu. Juu yake kuna ada ya mwezi au ya mwaka ya kucheza na wengine mtandaoni, ambayo Microsoft iliianza na Xbox Live mwaka 2002 na Sony ikaifanya sharti kwa gemu nyingi za mtandaoni za PlayStation 4 mwaka 2013. Kwa hiyo daftari la kwanza linaweza kuandikwa kwa wino mwekundu miaka kadhaa bila mtu kupoteza usingizi, mradi la pili linajaa.

Wakati mwingine wino huo mwekundu unakuwa mwingi kupita kiasi. PlayStation 3 ilipotoka Novemba 2006, toleo lake la gigabaiti 60 liliuzwa dola 599, na watu wakalalamika kwamba ni ghali mno. Kampuni ya iSuppli, iliyofungua mashine hiyo na kupiga bei ya kila kipuri, ilikadiria kwamba kuiunda kuligharimu dola 840 na ushei. Yaani mnunuzi aliyehisi ameibiwa alikuwa amepewa zawadi ya zaidi ya dola 240. Hata tukitumia mgawo mnono wa leo wa dola 18 kwa gemu, mtu huyo angepaswa kununua gemu 14 ndipo Sony irudishe hela yake, na hapo hatujagusa matangazo. Idara ya michezo ya Sony ilifunga mwaka huo wa fedha na hasara ya yeni bilioni 232.

Mfano unaonifurahisha zaidi unahusu mashine hizohizo. Jeshi la Anga la Marekani lilinunua zaidi ya PlayStation 3 1,700, likaziunganisha, na mwaka 2010 likazindua kompyuta kubwa ya utafiti iliyoitwa Condor Cluster. Kwa mtafiti aliyehitaji nguvu ya kukokotoa, hakukuwa na chipu ya bei nafuu kama ile, kwa sababu sehemu ya gharama ilikuwa imebebwa na Sony. Lakini kompyuta ya jeshi hainunui gemu. Kwa daftari la pili, mashine zote hizo zilikuwa sifuri. Aprili mwaka huohuo Sony iliondoa kwa sasisho la programu uwezo wa kuweka mfumo mwingine wa uendeshaji kwenye PlayStation 3. Sababu iliyotajwa ilikuwa usalama, na waliokwisha kununua mashine kwa ajili ya uwezo huo walikwenda mahakamani. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo tutalirudia: pale kampuni inapouza kwa hasara, inajiona ina haki ya kuendelea kushika ufunguo wa kifaa hata baada ya kukiuza.

Je, mtu hawezi kuuza konsoli kwa bei yake halisi na kuachana na mambo ya ruzuku? Alijaribu Trip Hawkins, mwanzilishi wa kampuni ya gemu ya Electronic Arts. Mwaka 1993 kampuni yake ya 3DO ilibuni mashine ikaipa leseni Panasonic na wengine waiunde. Watengeneza gemu walitozwa dola 3 tu kwa kila nakala, kiasi kidogo sana kwa wakati ule, na kwa upande wao ilikuwa neema. Tatizo lilikuwa kwa Panasonic. Mrabaha haukuwa wake, kwa hiyo faida yake yote ilibidi itoke kwenye mashine, na mashine ikaingia sokoni kwa dola 699. Baada ya miaka michache 3DO iliachana na konsoli kabisa. Ubora wa chipu haukuiokoa, na njia ile ya kuzitenganisha daftari hizo mbili haikushika mizizi.

Sasa tuje kwenye muda, ambao ndio kiini cha mambo. Hasara ya siku ya kwanza ilivumilika kwa sababu kila mhandisi alijua kwamba baada ya mwaka, miwili, mitatu, mashine ileile ingeundwa kwa gharama ndogo zaidi. Chukua PlayStation 2. Ilipotoka Japani Machi 2000 ilikuwa sanduku zito lenye unene wa milimita 78, na ndani yake kulikuwa na chipu mbili kubwa, moja ya kukokotoa na moja ya picha, kila moja na kipande chake cha silikoni. Viwanda vilipojifunza kuchora transista, vile vijiswichi vidogo vya umeme ndani ya chipu, kwa ukubwa mdogo zaidi, chipu hizo zilipungua ukubwa, kisha zikaunganishwa zikawa chipu moja ya nanomita 90, kipimo cha udogo wa transista zake. Chipu ndogo inamaanisha vipande vingi zaidi kutoka kwenye sahani moja ya silikoni. Inamaanisha pia umeme mdogo, joto kidogo, feni ndogo. Kifaa cha kubadili umeme kikatolewa nje ya sanduku. Mwaka 2004 likatoka toleo jembamba lenye unene wa milimita 28, ambalo kontena moja la meli lilibeba mengi zaidi. Kila hatua ilipunguza dola kadhaa, na bei ikafuata: dola 299 mwaka 2000 Marekani, 199 mwaka 2002, 149 mwaka 2004, 129 mwaka 2006, hadi 99 mwaka 2009.

Hapo ndipo anapoingia mtu wetu wa subira. Aliyenunua PlayStation 2 kwa dola 99 hakuwa amechelewa kwa mtazamo wa Sony. Mashine aliyochukua haikuwa tena na mzigo wa gharama za ubunifu, kwa kuwa zilikwisha kulipwa zamani. Gemu alizonunua nyingi zilikuwa zimeshatengenezwa na kurudisha gharama zake, kwa hiyo kila nakala iliyouzwa ilikuwa karibu faida tupu kwa kila aliyehusika. Sony iliendelea kuunda PlayStation 2 mpaka mwishoni mwa 2012, miaka 6 baada ya PlayStation 3 kutoka, na mwisho ilikuwa imeuza zaidi ya milioni 155. Hakuna konsoli iliyowahi kuuza zaidi kwa miaka mingi baada ya hapo. Idadi hiyo haikujengwa na watu waliopanga foleni usiku wa uzinduzi.

Linganisha na mashine zilizokosa nafasi ya kuzeeka. Xbox ya kwanza ya Microsoft, ya mwaka 2001, ilinunuliwa vipuri vyake kama vile mtu anavyonunua vya kompyuta: chipu ya picha kutoka Nvidia, prosesa kutoka Intel, na diski kuu ya kuhifadhia. Microsoft haikumiliki michoro ya chipu hizo, hivyo haikuweza kuzipunguza na kuziunganisha kwa wakati wake. Iligombana na Nvidia juu ya bei mpaka wakapelekana kwa msuluhishi. Diski kuu nayo ina tabia ya ajabu: kila mwaka unapata nafasi kubwa zaidi kwa bei ileile, lakini bei yenyewe haishuki chini ya kiwango fulani, kwa sababu mota na sahani zake bado ni zilezile. Gharama ikagoma kushuka. Hasara ya mradi mzima hukadiriwa kuwa takriban dola bilioni 4, na mwishoni mwa 2005 Microsoft ikaiacha Xbox hiyo ikiwa na umri wa miaka 4, ikakimbilia Xbox 360 ambayo michoro ya chipu zake iliimiliki au kuwa na leseni ya kuiunda yenyewe.

Sega Dreamcast ilikufa mapema zaidi. Ilitoka Japani Novemba 1998 na Marekani Septemba 1999, na Januari 31, 2001 Sega ikatangaza kuisitisha. Mashine ilikuwa nzima na gemu zake nzuri, ila Sega haikuwa na akiba ya kungoja. Mwaka 2000 mwanya uligunduliwa ulioruhusu gemu zilizonakiliwa kuchezwa bila kufungua mashine wala kuongeza chipu, na daftari la pili likaanza kuvuja wakati la kwanza bado lina hasara. Isao Okawa, mwenyekiti wa Sega, alitoa mali yake binafsi yenye thamani ya takriban dola milioni 695 kuinusuru kampuni kabla ya kufariki Machi 2001. Mashine milioni 9 zikabaki majumbani mwa watu zikifanya kazi vizuri, bila kampuni iliyotaka kuzitengenezea kitu kipya.

Ndiyo maana nasema umri wa konsoli umekuwa ukiamuliwa na mhasibu. Mashine ya Sega ingeweza kuishi miaka 10. Ya Sony iliishi zaidi ya 12 kwa sababu kila mwaka ilikuwa rahisi zaidi kuiunda kuliko mwaka uliopita.

Injini hiyo ya kushusha gharama ndiyo iliyochoka. Transista bado zinapungua ukubwa, lakini sahani ya silikoni ya teknolojia mpya inagharimu zaidi kuliko ile ya zamani, kiasi kwamba ule unafuu wa kila transista umebaki kidogo sana. Sony ilihamisha chipu ya PlayStation 5 kutoka nanomita 7 kwenda 6 mwaka 2022. Enzi za PlayStation 2, hatua kama hiyo ingefuatiwa na punguzo la bei. Safari hii, Agosti 2022, Sony ilitangaza ongezeko la bei Ulaya, Japani na kwingineko. Uamuzi wa Microsoft wa kuzindua mashine mbili siku moja mwaka 2020, moja ya 499 na moja ya 299, nausoma kwa mwanga huohuo. Zamani mashine ya bei nafuu ilikuwa ileile ya gharama, baada ya miaka 4. Safari hii ilibidi ibuniwe peke yake, dhaifu tangu mwanzo, kwa kuwa kungoja kusingeifanya ile kubwa iwe ya bei rahisi.

Juu ya silikoni yakaongezeka mengine: yeni iliyodhoofika, ushuru wa forodha wa Marekani mwaka 2025, na memori. Hili la memori halijasemwa vya kutosha. Konsoli inashindana sasa na vituo vya data vya akili mnemba kwa chipu za memori zinazotoka kwenye viwanda vya kampuni chache mno duniani. Mnunuzi wa kituo cha data analipa zaidi na anachukua kwa wingi. Mwishoni mwa 2025 bei za memori zilipaa, na mtengenezaji wa konsoli ya dola 400 hana ubavu wa kushindana katika mnada huo.

Nintendo walikuwa na njia yao ya kukwepa shimo hili, na kwa muda mrefu niliiona kuwa ndiyo ya busara kuliko zote. Gunpei Yokoi, aliyebuni Game Boy ya mwaka 1989, aliamini katika kutumia teknolojia iliyokwisha kukomaa, ya bei rahisi na inayofahamika, kisha kuitumia kwa namna mpya. Game Boy ilikuwa na kioo kisicho na rangi wakati wapinzani wake walikuwa na rangi, lakini betri zake zilidumu na bei yake ilikuwa ya chini. Wii ya mwaka 2006 ilifuata njia hiyo, ikauza zaidi ya milioni 100. Walipoiacha kidogo tu, waliungua. Nintendo 3DS, konsoli ya mkononi, ilitoka mapema 2011 kwa dola 249, haikuchukuliwa, na mwezi Agosti ikashushwa hadi 169, chini ya gharama. Satoru Iwata, rais wa kampuni, alijikata nusu ya mshahara wake. Mwaka huo wa fedha Nintendo ilipata hasara ambayo haikuwa imeiona kwa miongo kadhaa. Na bado, hata Switch yenye chipu ya kizamani imepanda bei. Ukiona teknolojia iliyokomaa nayo inapanda, ujue hakuna tena mahali pa kujificha.

Watu wamejibu kwa namna moja ya wazi: wanakaa na walichonacho. Mei 2024 Sony iliwaeleza wawekezaji kwamba watu wanaocheza kila mwezi kwenye PlayStation 4 walikuwa takriban sawa na wa PlayStation 5, miaka mitatu na nusu baada ya hii ya pili kutoka. Kampuni haiumizwi na hilo. Mwenye PlayStation 4 bado ananunua gemu, bado analipa ada, bado anatumia pesa ndani ya gemu za bure. Daftari la pili linajaa bila mashine mpya kuuzwa. Hata mpaka kati ya vizazi umekuwa mwembamba, kwa sababu tangu 2013 mashine za Sony na Microsoft zinatumia prosesa za ukoo mmoja na zile za 2020 zinaendesha karibu gemu zote za zilizotangulia.

Lakini mashine yenyewe iliundwa kwa mawazo ya zamani. Iliundwa idumu miaka 5 hadi 7, kisha mwenyewe anunue nyingine kwa bei ileile. Leo tunaitaka idumu 10, na tunajua kabisa kitakachoharibika kwanza.

Chukua kijiti cha padi, kidhibiti anachoshika mchezaji. Ndani yake kuna ncha ndogo ya chuma inayoteleza juu ya utepe wa kaboni kila unapokisukuma, na mashine inasoma mahali ncha ilipo kwa kupima ukinzani wa umeme. Kila msuguano unakwangua kaboni kidogo. Ikifika siku, unga umejaa, utepe umelika, na mhusika wa gemu anaanza kutembea peke yake hata kama hujagusa kitu. Wenye Joy-Con, padi za Switch, wanalijua tatizo hili kuliko wote, mpaka Nintendo ikaanza kuzitengeneza bure Marekani mwaka 2019, na mwaka 2023, baada ya kubanwa na Tume ya Ulaya, ikaahidi matengenezo ya bure barani humo hata muda wa waranti ukiwa umekwisha. Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwepo. Padi ya Dreamcast, mwaka 1998, ilisoma vijiti vyake kwa sumaku na kihisi kisichoguswa na chochote. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo hakuna kinacholika kwa namna ile. Tofauti ya gharama kwa padi moja ni ndogo. Ukiizidisha kwa padi milioni 100 inakuwa pesa ya kutamanisha, na uamuzi unafanywa kwa kutazama waranti ya mwaka mmoja.

Kwamba waranti ndiyo inayoamua, tuna ushahidi wa dola bilioni moja. Xbox 360 za mwanzo zilikuwa zikipata moto na kupoa, moto na kupoa, mpaka viungio vya chipu vikapasuka na taa tatu nyekundu zikawaka. Julai 2007 Microsoft iliongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kulipia. Kuanzia hapo joto likawa hoja ya kwanza mezani, na matoleo yaliyofuata yalikuwa madhubuti zaidi. Gharama ya uharibifu ilipohamia kwenye daftari la kampuni, uimara ulipatikana. Inapokaa mfukoni mwa mnunuzi, kaboni inaendelea kulika.

Kisha kuna kufuli. Kisomea diski cha Xbox Series X kimefungwa kwa msimbo kwenye bodi kuu ya mashine yake. Ukitoa kizima kutoka mashine nyingine ukakipachika, hakisomi gemu. PlayStation 5 iko hivyo pia, na kile kisomea cha kubandika cha matoleo yake membamba kinahitaji intaneti ili kutambulishwa kwa mashine mara ya kwanza. Hifadhi yake ya ndani imechomelewa kwenye bodi. Mwaka 2021 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliruhusu watu kuvunja kufuli la kidijitali kwa ajili tu ya kutengeneza kisomea diski cha konsoli. Ruhusa ya kuvunja bila zana wala vipuri inamsaidia fundi nusu tu. California ilipotunga sheria ya haki ya kutengeneza, inayowataka watengenezaji watoe vipuri na maelekezo kwa miaka 7 kwa vifaa vya kuanzia dola 100, konsoli ziliondolewa kwa jina. Minnesota ilifanya hivyohivyo.

Hoja ya kampuni ni uharamia wa gemu, na sitaki kuipuuza. Dreamcast ni ushahidi kwamba mwanya mmoja unaweza kuharakisha kifo cha kampuni ya vifaa. Anayeuza kwa hasara ana haki ya kuilinda njia yake ya kurudisha fedha. Bila kufuli hakuna daftari la pili, na bila daftari la pili hakuna mashine ya dola 299. Mkataba huo ulikuwa na pande mbili, na kwa maoni yangu ulikuwa wa haki: wewe unabeba sehemu ya gharama yangu, mimi nakubali kifaa changu kiwe na kufuli lako.

Ila sasa upande mmoja umeondolewa. Agosti 2021, miezi 9 tu baada ya uzinduzi, Sony ilisema PlayStation 5 ya dola 499 haikuuzwa tena kwa hasara. Tangu hapo bei imepanda, na Agosti 2025 ilifika dola 549 Marekani. Phil Spencer, wakati huo mkuu wa michezo wa Microsoft, alisema mwaka 2022 kwamba kila Xbox ilibebwa kwa dola 100 hadi 200; kufikia Oktoba 2025 Series X ilikuwa imeongezwa dola 150. Mnunuzi analipa gharama yote au karibu yote, analipia tena mgawo wa asilimia 30 ndani ya kila gemu, na analipia ada ya mtandao. Ruzuku iliyohalalisha kufuli inayeyuka, kufuli limebaki palepale. Ukimlipisha mtu bei kamili, umemuuzia kitu kamili, na hiyo ni pamoja na haki ya kukifungua kikiharibika.

Kuna na kifo cha pili, cha seva. Duka la mtandaoni la 3DS na Wii U za Nintendo lilifungwa kwa ununuzi Machi 27, 2023, na huduma zao za kucheza mtandaoni Aprili 2024. Duka la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024. Sony ilitangaza mwaka 2021 kufunga duka la PlayStation 3 na la PlayStation Vita, konsoli yake ya mkononi, wateja wakapiga kelele, ikarudi nyuma ndani ya wiki chache. Hiyo inathibitisha kwamba gharama ya kuliacha wazi haikuwa ya kufilisi mtu.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa betri ndogo ya saa, bapa kama kitufe, iliyomo ndani ya kila PlayStation 4. Ikifa, saa ya mashine hupotea, na mashine hutaka kuulizia saa kwa seva za Sony. Watafiti waligundua kwamba bila seva hizo PlayStation 4 ingekataa kufungua gemu zote, hata zilizo kwenye diski uliyoilipia. Mashine zaidi ya milioni 100 zilikuwa zimetegewa kifo na kitu kinachouzwa chini ya dola 2. Septemba 2021 sasisho la programu namba 9.00 lilitoka, na tatizo likaisha. Hakikuhitajika kipuri hata kimoja wala kiwanda. Mtu aliamua.

Ninachokidai kutoka kwa mashine zijazo kinatokana na sasisho hilo. Tarehe ya mwisho wa huduma itajwe siku ya kuuza, jinsi bei inavyotajwa. Siku hiyo ikifika, itolewe programu ya mwisho inayoiacha mashine ifungue chochote mwenyewe alichonunua bila kuuliza seva. Kisomea diski kiweze kubadilishwa na fundi yeyote. Vijiti vya padi visome kwa sumaku. Hifadhi ichomolewe kwa bisibisi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachompa haramia ufunguo wa gemu mpya.

Na wakati wa kudai ni huu. Oktoba 2025 Mark Cerny, mbunifu mkuu wa PlayStation, alitokea hadharani na kampuni ya chipu ya AMD kueleza teknolojia za picha wanazozitengeneza pamoja kwa ajili ya konsoli ya miaka michache ijayo. Maana yake bodi kuu ya mashine hiyo inachorwa sasa. Kipi kitachomelewa na kipi kitafungwa kwa skrubu, kipi kitaoanishwa kwa msimbo na kipi kitaachwa huru, ni maamuzi ya miezi hii. Bei itakapotangazwa jukwaani, hayo yote yatakuwa yamekwisha kupita kiwandani.